Tangi la matumbawe nyumbani: mabomba yapangweje, na kwa nini upande mmoja unastawi na mwingine unajikunja?

#1 Bahari_Raskazone
Wakuu, heshima kwenu.

Nina mpango wa tangi la matumbawe nyumbani, hapa hapa Tanga. Kioo sijanunua, na sinunui mpaka mabomba yakae sawa kwenye karatasi. Watu wengi wanaanza na kioo na taa, halafu bomba linatafutiwa pa kupita mwishoni. Mimi nadai kinyume chake: mabomba kwanza, vingine vifuate.

Tangi la juu ni sm 120 kwa 50, maji yasimame sm 50, yaani lita 300. Chini yake kwenye kabati kuna sampu, yaani tangi la pili la kuchujia, ya sm 90 kwa 40, kimo sm 40. Maji yanamwagika kwa juu, yanashuka sampu, yanachujwa, pampu inayapandisha. Kutoka pampu mpaka mdomo wa kurudishia ni mita 1.4 hivi. Fundi niliyeongea naye anasema bomba la nusu inchi linatosha, kupanda na kushuka. Mimi nasita.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Jamaa yangu ana tangi la ukubwa huo huo. Ana vipande vya tumbawe la ngozi (Sarcophyton) vilivyokatwa kutoka kwa mama mmoja. Vya upande wa kulia vimefunguka, vinachezacheza. Vya kushoto vimejikunja, vimekuwa kama vimevaa nta, na viwili vimeanza kuoza. Maji ni yale yale, chumvi imepimwa ni 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), taa inamulika pande zote. Mdomo wa kurudishia maji uko kona ya kulia nyuma, na pampu ya mawimbi, ile ya kusogeza maji ndani ya tangi, ni moja tu, nayo iko kulia ikitazama kushoto.

Kabla sijayarudia ya kwake kwangu, nielezeni. Nawasilisha.

#2 Fundi_Ngamiani
Nusu inchi kushuka? Hapana kaka. Maji yanayopanda yana pampu nyuma yake, yanayoshuka hayana mtu wa kuyasukuma. Bomba la kushuka siku zote liwe nene kuliko la kupanda. Weka inchi moja na nusu kushuka, inchi moja kupanda. Na usitumie elbo (viungo vya kona) za nyuzi 90 pale unapoweza kuweka mbili za 45.

#3 Kasa_Mpole
Upande wa kushoto hakuna mzunguko. Maji yanalala. Kesi imekwisha.

#4 Mwl_Mikanjuni
Kabla ya kushoto na kulia, mleta uzi naomba urudi kwenye sampu yako, maana kuna hesabu hujaiweka.

Umeme ukikatika pampu inasimama, maji hayasimami. Kama mdomo wa kurudishia umeuzamisha sm 15, bomba linageuka sifoni, kama watu wanavyonyonya petroli kwa mpira, na maji yataendelea kushuka mpaka mdomo upate hewa. Piga: 120 × 50 × 15 = sm za ujazo 90,000, sawa na lita 90. Sampu yako ikijaa pomoni inabeba lita 144. Ikifanya kazi ikiwa na kimo cha sm 22 ina lita 79, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni lita 65. Lita 25 zinakwenda kwenye zulia, tena maji ya chumvi.

Mdomo huo huo ukiukalisha sm 3 chini ya uso wa maji, zinazoshuka ni lita 18 pamoja na kidogo kilichomo ndani ya mabomba. Sampu inazimeza bila shida. Ni bomba lile lile na pampu ile ile, kilichobadilika ni kimo cha mdomo.

#5 Pweza_Tope
Mji wetu ni waja leo warudi leo. Maji nayo yakienda sampu yarudi, ila yasipitie sebuleni 😂

#6 Bahari_Raskazone
Mwalimu #4 shukrani, hesabu hiyo naibandika ukutani. Swali: nikiweka nonritani valvu, ile isiyoruhusu maji kurudi nyuma, kwenye bomba la kupanda, si ndiyo imekwisha?

#7 Fundi_Ngamiani
Nonritani kwenye maji safi, sawa. Kwenye tangi la bahari usiiwekee roho. Chokaa inaganda kwenye ulimi wake, konokono mdogo anaingia, ulimi haufungi. Unaiamini mpaka usiku umeme unakatika. Iwepo kama unataka, lakini sampu ipangwe kana kwamba haipo.

#8 Mwl_Mikanjuni
Naunga mkono. Wengine wanatoboa kitobo kidogo kwenye bomba la kurudishia, chini tu ya uso wa maji, ili hewa iingie na kukata sifoni mapema. Kinafanya kazi, ila mwani unakiziba. Kikaguliwe kila unaposafisha kioo.

#9 Nahodha_Kilindini
Nimekuwa nikiwasoma kimya. Mimi bahari naijua kwa kuzamia kwenye visiwa vyetu, Toten, Ulenge, Yambe, Karange, na naona mnaizungumzia kama jambo la bomba peke yake.

Tumbawe halipigwi na maji upande mmoja siku nzima. Maji yakijaa yanasukuma huku, yakipwa yanarudi kule, katikati yanasimama kidogo. Siku za bamvua mkondo unakimbia, siku za maji mafu unalala. Juu ya hapo kuna kusi na kaskazi. Ndiyo maana upande wa nje wa mwamba, unaopigwa na mawimbi, unakuta matumbawe yenye matawi mafupi manene, na upande wa ndani wenye utulivu unakuta yale membamba na ya majani mapana. Kila moja limekaa panapolifaa.

Tangi la jamaa yako lina pampu moja inayotazama upande mmoja usiku na mchana. Hiyo hata Bahari ya Hindi haifanyi. Vya kushoto vinapigwa kifuani bila kupumzika. Mimi nasema maji yamezidi upande wa kushoto. Hayajapungua.

#10 Kasa_Mpole
Nahodha heshima yako, lakini hapana. Tumbawe la ngozi likikosa mkondo haliwezi kuvua ile ngozi ya nta. Linajifunga, linatoa utando, na utando unatakiwa uchukuliwe na maji. Usipochukuliwa, uchafu na mwani vinakaa juu yake na linaanza kuoza. Hivyo ndivyo #1 alivyoeleza, neno kwa neno. Mkondo ukizidi unaona kitu tofauti: nyama inachubuka upande mmoja, ule unaotazama pampu.

#11 Binti_Chumbageni
Jamani, ngozi kujifunga na kuvaa nta ni kawaida yake! Linaweza kukaa limejifunga siku kadhaa, hata wiki, likimaliza linafunguka likiwa kubwa zaidi. Msilizike likiwa hai.

#12 Bahari_Raskazone
Dada Binti, ingekuwa kawaida yake yangejifunga ya pande zote kwa zamu. Mbona kulia hayajifungi?

#13 Mama_Sampu
Mwanangu, huyo jamaa anaongeza maji baridi wapi? Maana kwa joto letu tangi la lita 300 likiwa na feni juu linapoteza lita kadhaa kwa siku. Kinachoruka ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo lazima aongeze maji yasiyo na chumvi. Anayamwaga wapi?

#14 Bahari_Raskazone
Mama nimempigia. Kwa jagi, asubuhi, upande wa kushoto. Mfuniko unafungukia kushoto.

#15 Mama_Sampu
Basi.

#16 Pweza_Tope
Mama kaja na neno moja kafunga mjadala 🙌

#17 Mwl_Mikanjuni
Haujafungwa bado. Jagi la lita mbili kwenye lita 300 zinazozunguka linachanganyika upesi. Kama kweli yale maji yanakaa kushoto muda wa kutosha kuua tumbawe, maana yake kushoto hakuna mzunguko, na tunarudi kwa Kasa #3. Ila naafiki utaratibu: maji ya kuongeza yaingie sampu, yasiingie tangini. Weka boya kama la tangi la choo kwenye chumba cha mwisho cha sampu, kile chenye pampu, maana maji yakipungua ni hapo yanapoonekana kushuka. Vyumba vingine vinabaki vimejaa.

#18 Mama_Sampu
Maji mepesi yanakaa juu, mwalimu wa fizikia unalijua hilo kuliko mimi. Na maji ya bomba yana klorini. Unataka yapitie wapi kama si kwenye tumbawe lililo karibu na uso? Yatiwe kwenye ndoo, yapigwe dawa ya kuondoa klorini au yachujwe kabisa, halafu sampu.

#19 Mdigo_Halisi
Mimi nimefikiria shaba. Jamaa ametumia valvu gani? Madukani kwetu geti valvu nyingi ni za shaba nyeupe. Maji ya bahari yanaila, na shaba kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe wakati samaki wanaendelea kuogelea bila habari. Hata nipo ya mabati usiweke, zinki nayo ni sumu. Kila kinachogusa maji kiwe PVC, plastiki, kioo au silikoni.

#20 Kasa_Mpole
Onyo zuri, lakini shaba haichagui kushoto na kulia.

#21 Mdigo_Halisi
Haichagui, ila kipande kilichokwisha kuchoka kwa sababu nyingine kitatangulia kufa. Sumu kidogo na maji yaliyolala vikikutana unapata hivyo hivyo.

#22 Zeze_la_Pangani
Dirisha liko upande gani? Jua la alasiri linapasha upande mmoja. Mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka kwa joto, na hiyo ilikuwa bahari nzima.

#23 Bahari_Raskazone
Dirisha liko kushoto.

#24 Zeze_la_Pangani
Mmeona.

#25 Mwl_Mikanjuni
Joto la maji halitofautiani kiasi hicho ndani ya tangi moja linalozunguka. Atumbukize kipimajoto pande zote mbili alasiri moja, tujue. Mwanga wa jua hapo nakubali, huo unaweza kuwa mwingi upande mmoja. Kupauka kwa 1998 kulitokana na joto kukaa juu ya kawaida kwa wiki nyingi, saa mbili za dirishani ni habari nyingine.

#26 Kaka_wa_Pongwe
Nauliza swali la pembeni. Mnavyojadili matumbawe, hivyo vipande vinatoka wapi? Maana matumbawe yote yamo kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

#27 Nahodha_Kilindini
Swali la maana. Toka 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale) hapa Tanga, na huwezi kuingia ukavunja mwamba ukaondoka nao. Tumekwisha kuona uvuvi wa baruti ulivyofanya. Mwamba uliopigwa unabaki kifusi, na miaka inapita haujarudi. Mtu asije akasoma uzi huu akachukua nyundo na ndoo.

#28 Binti_Chumbageni
#26 marekebisho madogo: si yote. Matumbawe magumu yamo Kiambatisho cha Pili cha CITES, na tumbawe la buluu limo pia. Ya ngozi na mengi ya laini hayamo. Hilo halimaanishi ni ruhusa kuyang'oa, sheria za nchi ziko palepale.

#29 Bahari_Raskazone
Tangi la jamaa alilirithi kwa mgeni aliyehama, pamoja na viumbe na makaratasi yake. Mimi nitapewa vipande vilivyokatwa humo humo. Mawe nitatumia yale ya matumbawe ya zamani yanayochimbwa nchi kavu, ya kujengea. Nitayaosha, niyaloweke muda mrefu.

#30 Mzee_wa_Jakarta
Vijana, mnajipa kazi kubwa. Kuna Mchina wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliyeandika mwaka 1961 jinsi anavyofuga matumbawe kwa maji ya bahari, mawe yenye uhai na mapovu ya hewa tu. Hakuwa na sampu, wala elbo. Aliishi karibu na bahari kama sisi. Mapovu yanapandisha maji, mawe yanasafisha. Mleta uzi yuko Raskazone, bahari anaiona, anataka mabomba yote haya ya nini?

#31 Kasa_Mpole
Mzee, njia hiyo ilifungua macho ya watu dunia nzima, sibishi. Lakini mapovu yanasukuma maji kidogo, yanarusha chumvi kwenye mfuniko na taa, na tangi lake halikuwa na msongamano tunaoutaka leo. Kwa matumbawe laini watu wanalenga mzunguko wa mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa. Kwa yale magumu yenye vinywa vidogo ni mara 30 hadi 50, hata zaidi. Lita 300 mara 20 ni lita 6,000 kwa saa. Mapovu hayafiki huko.

#32 Fundi_Ngamiani
Lita 6,000 kupitia sampu? Mabomba gani hayo!

#33 Kasa_Mpole
Hapana fundi, hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kupitia sampu inatosha mara 3 hadi 5, yaani lita 900 hadi 1,500. Zilizobaki zinasukumwa na pampu za mawimbi ndani ya tangi lenyewe. Hizo hazinyanyui maji, zinayasogeza tu, kwa hiyo zinakula umeme kidogo na hazihitaji bomba hata moja. Ukitaka pampu ya kurudishia ifanye kazi zote mbili unaishia na kelele, mapovu na maporomoko ndani ya sampu.

#34 Bahari_Raskazone
Kwa hiyo pampu iliyoandikwa lita 1,500 inanitosha?

#35 Mwl_Mikanjuni
Namba ya kwenye boksi ni ya maji yasiyopanda popote. Angalia na namba ya pili, kimo cha mwisho. Pampu ya lita 3,000 yenye kimo cha mwisho mita 2, ukiipandisha mita 1.4 itakupa nusu au pungufu. Bado kuna elbo, kila moja inakula kama umeongeza urefu wa bomba. Na bomba jembamba ndilo linalokula kuliko vyote: kwa maji yale yale, msuguano wa nusu inchi ni kama mara 30 ya ule wa inchi moja. Fundi wako wa mwanzo hakukosea kwamba maji yatapita. Yatapita, ila umelipia pampu ya lita 3,000 uikabe koo.

#36 Fundi_Ngamiani
Sasa habari ya kushuka, maana hapa ndipo pa mafuriko. Tangi litobolewe matundu matatu, yote ndani ya kisanduku cha kumwagikia. Bomba la kwanza linajaa maji kabisa, halina hewa, na lina geti valvu ya kulirekebisha. Hilo halipigi kelele. La pili limeachwa wazi juu, linapokea kijito kidogo tu. La tatu liko juu zaidi, kavu, linangoja siku la kwanza litakapozibwa na konokono. Usitumie boli valvu kurekebisha la kwanza, ukiigusa kidogo imeruka. Geti valvu inazungushwa taratibu. Za PVC zitafute kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea, Dar zipo.

Na muulize fundi wa vioo kama kioo kimetiwa ugumu kwa moto. Kama kimetiwa, hakitobolewi, kitapasuka chote vipande vipande.

#37 Pweza_Tope
Wengine wananing'iniza kisanduku cha sifoni nje ya tangi, hawatoboi kitu.

#38 Fundi_Ngamiani
Nimeona kimoja kwa mteja. Hewa inajikusanya kwenye shingo, umeme ukirudi sifoni haianzi, pampu inaendelea kupandisha maji, tangi la juu linamwagika. Akitaka asitoboe, basi chumba cha pampu kwenye sampu kiwe kidogo kiasi kwamba kikikauka tangi la juu halijafika ukingoni.

#39 Mwl_Mikanjuni
Hilo la mwisho liandikwe kwa wino mzito, na kwa tangi lililotobolewa pia.

#40 Nahodha_Kilindini
Turudi kwenye mkondo. Mimi ningeweka pampu mbili za mawimbi, moja kila upande, zipokezane kwa taima kila saa sita kama kujaa na kupwa.

#41 Kasa_Mpole
Saa sita ni nyingi kwa tangi la mita moja na ushee. Baharini ndani ya hizo saa sita kuna mawimbi yanayokuja na kurudi kila sekunde chache. Zipokezane kwa dakika, au zielekezwe zigongane katikati maji yavurugike.

#42 Mwl_Mikanjuni
Kuna Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium, Hawaii, yeye alitumia chombo kilichowekwa juu kinachojazwa taratibu na pampu. Kikifika kimo fulani sifoni inaanza yenyewe na kukimwaga chote kwa mpigo tangini. Ni wimbi la kweli, linakuja na kuondoka. Ubaya wake ni mapovu, kelele, na maji ya sampu kupanda na kushuka kila mara.

#43 Nahodha_Kilindini
Hilo nimelipenda! Ndoo ya lita 20 juu ya kabati.

#44 Mama_Sampu
Lita 20 zinazopanda na kushuka ziongeze kwenye ile hesabu ya mwalimu ya sampu, mwanangu, kabla hujapenda. Na boya la kuongezea maji hapo litachanganyikiwa.

#45 Binti_Chumbageni
Umeme ukikatika usiku, mmelifikiria? Matumbawe na samaki wanapumua kwa maji yanayotembea. Pampu ya kurudishia iache izime. Pampu moja ya mawimbi ya volti 12 au 24 iunganishwe kwenye betri, hata ya sola. Inakula wati chache tu, inavuka usiku. Ukikosa, pampu ya hewa ya betri.

#46 Mzee_wa_Jakarta
Mapovu yamerudi 🙂

#47 Bahari_Raskazone
Mzee umeshinda hapo.

Leo nilikuwa kwa jamaa. Nilifunga uzi wa kushonea kwenye kijiti nikaupitisha kila mahali tangini. Kulia unacheza. Kushoto juu unavutwa kwa nguvu kuelekea ukutani. Kushoto chini, nyuma ya jiwe kubwa, umening'inia kama hakuna maji. Vipande vilivyooza ni viwili vya chini. Viwili vya juu vimejikunja lakini havijaoza. Kipimajoto alasiri: kushoto na kulia sawa. Valvu ni ya PVC.

#48 Kasa_Mpole
Chini hakuna mkondo. Nilisema.

#49 Nahodha_Kilindini
Juu mkondo umezidi. Nilisema.

#50 Mama_Sampu
Na jagi linamwagwa juu hapo hapo kushoto. Aache kwanza jagi wiki mbili, asiguse pampu. Akigusa vyote kwa pamoja hatutajua.

#51 Kasa_Mpole
Mama, wiki mbili vya chini vitakuwa vimekwisha. Avihamishie vya chini kulia leo, vya juu aviache palepale na jagi liende sampu.

#52 Zeze_la_Pangani
Na pazia la dirishani je? Mwanga hamjaupima.

#53 Bahari_Raskazone
Vya chini vimehamia kulia jioni hii, jagi linakwenda sampu, pazia linabaki kama lilivyo mpaka tuone. Kwangu mimi, Fundi, nakuhitaji: mabomba matatu ya inchi moja na nusu ya kushuka, moja la inchi moja la kupanda, mdomo sm 3 chini ya uso wa maji.

#54 Fundi_Ngamiani
Jumamosi baada ya adhuhuri. Nunua yunioni (viungo vya kufungua kwa mkono) mbili, moja kila upande wa pampu, siku ya kuisafisha uitoe bila msumeno. Usigundishe kitu mpaka nifike. Tutaunganisha kavu kwanza, tuweke alama kwa kalamu, ndipo gundi. Na tukimaliza tunajaza maji ya kawaida siku nzima, tunazima na kuwasha pampu mara kadhaa tukitazama sampu. Chumvi baadaye.

#55 Mwl_Mikanjuni
Mkizima, pimeni kwa rula sampu imepanda sm ngapi, mlete hapa. Kwa sampu yako sm 5 ni lita 18.